Kamba, Chapa na Sekunde Nane: Lugha ya Kauboi

Kauboi ni nani hasa: mpiga bastola au mchunga ng'ombe? Swali hili huulizwa na kila aliyemjua kauboi kupitia sinema, ambako mtu mwenye kofia ya pama humaliza filamu nzima bila kugusa ng'ombe hata mmoja. Jibu limo katika neno lenyewe. Kwa Kiingereza "cow" ni ng'ombe na "boy" ni mvulana. Kauboi alikuwa kibarua wa dola 25 hadi 40 kwa mwezi, aliyepanda farasi ambaye mara nyingi hakuwa wake, akichunga ng'ombe ambao kwa kawaida hawakuwa wake.

Swali la pili hufuata lenyewe. Kila jamii ya wafugaji ina msamiati wake, lakini ule wa kauboi ni mpana na wa ajabu kiasi kwamba mwaka 1944 Mmarekani Ramon F. Adams aliuchapishia kamusi nzima. Msemaji wa kawaida wa Kiingereza, mkazi wa mjini, angehitaji mkalimani kufuata mazungumzo ya zizini. Maneno hayo yalitoka wapi? Mengi yalitoka kwa watu wengine, pamoja na kazi yenyewe.

Mwalimu aliyesahauliwa

Wahispania ndio walioleta ng'ombe na farasi nchini Meksiko. Kamanda wao, Hernán Cortés, alishuka pwani mwaka 1519 akiwa na farasi 16. Mifugo ilipozaana na kuenea katika mbuga za kaskazini, kuchunga kwa miguu kulishindikana, kwa kuwa kundi moja liliweza kutapakaa kwa kilomita nyingi. Hapo akazaliwa mchungaji wa juu ya farasi. Aliitwa "vaquero", kutokana na "vaca", yaani ng'ombe. Wengi wa wachungaji hao walikuwa wenyeji wa asili, machotara na watu wenye damu ya Kiafrika. Mabwana wa Kihispania walikuwa wenye mali tu.

Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi mwaka 1836, na California hadi mwaka 1848. Walowezi wengi waliofika huko wakizungumza Kiingereza walizoea ng'ombe wachache nyuma ya nyumba. Kuendesha maelfu porini walifundishwa na vaquero, na kila kifaa walichoonyeshwa kilikuja na jina lake. Kiswahili kilipitia hali kama hiyo kwa Wareno: meza na bendera zilishuka pwani pamoja na majina yake, na leo hakuna anayeyaona kuwa mageni.

"Vaquero" lenyewe lilipotamkwa na ulimi wa Kiingereza liligeuka "buckaroo". Mhispania hutamka herufi v karibu sawa na b, kwa hiyo msikilizaji alisikia "bakero", akalipinda kidogo, likakaa. Mpaka leo mchungaji wa Nevada na mashariki ya Oregon hujiita buckaroo, huku mwenzake wa Texas akijiita kauboi au "cowpuncher". Hili la mwisho lilitokana na fito ndefu walizotumia kuwasukuma ng'ombe kuingia katika mabehewa ya treni.

"Rancho" lilikuwa shamba la mifugo pamoja na makazi yake. Kiingereza kililikata mwisho, na kupitia Kiingereza likafika Afrika Mashariki, ambako leo husemwa Ranchi ya Kongwa au ya Ruvu bila mtu kuwaza Meksiko. "Corral" ni zizi. Ndugu yake wa Kireno, "curral", ndiye aliyezaa "kraal" ya Afrika Kusini.

Mfano wa wazi wa urithi huu ni King Ranch ya kusini mwa Texas, iliyoanzishwa na Richard King mwaka 1853. Mwaka uliofuata, King alivuka kwenda kijiji kimoja cha Meksiko kilichokumbwa na ukame, akanunua ng'ombe wa wanakijiji, kisha akawaalika wao wenyewe wahamie kwake. Wao na vizazi vyao wakaitwa "Kineños", watu wa King. Ranchi ilipata ng'ombe, mafundi na lugha kwa mkupuo mmoja.

*Kwa ufupi: kauboi ni mwanafunzi wa vaquero. Ukiona neno lake lina sauti ya Kihispania, aghalabu linataja kitu au ufundi aliofundishwa.*

Kamba na hatari ya kidole gumba

Chombo cha kwanza cha kauboi ni kamba. Kwa Kihispania "la reata" ni kamba ya kufungia, ambapo "la" ni kitambulisho tu kinachotangulia jina. Wasemaji wa Kiingereza waliyasikia maneno mawili kama moja, wakapata "lariat". Kiswahili kina visa vya namna hiyo: alasiri na Alhamisi zimemeza "al" ya Kiarabu kwa mtindo uleule.

Kitanzi chenyewe ni "lazo", ndilo lililokuwa "lasso". Tundu dogo mwishoni mwa kamba, ambamo kamba hupita ili kitanzi kibane na kulegea, huitwa "honda". Jina hilo halina undugu na pikipiki. Ni neno la Kihispania ambalo pia humaanisha kombeo.

Kumnasa ng'ombe shingoni ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumzuia, na kwa ajili hiyo mbele ya tandiko la kauboi paliwekwa kigingi kifupi kinachoitwa pembe ya tandiko. Kuna njia mbili za kukitumia, na kila moja ina sababu yake.

Vaquero alisuka reata kwa ngozi mbichi, ndefu kufikia mita 18 au zaidi. Kamba ya ngozi hukatika ikivutwa kwa ghafla. Kwa hiyo hakuifunga. Aliizungusha kwenye pembe mara mbili au tatu baada ya ng'ombe kunaswa, akiiachia iteleze kidogo kidogo mpaka mnyama aishiwe nguvu. Kitendo hicho kwa Kihispania kilisemwa "dar la vuelta", kuzungusha, na Kiingereza kikakifanya "dally". Mzunguko hufanywa kidole gumba kikielekea juu. Atakayekisahau kati ya kamba na pembe, huku ng'ombe wa kilo mia kadhaa akivuta upande wa pili, anaweza kukipoteza, na mikono yenye vidole vinne si kitu cha kushangaza miongoni mwa mafundi wa kamba.

Texas ilikuwa na vichaka vya miiba, na nafasi ya kurusha kamba ndefu haikuwapo. Kauboi wa huko alitumia kamba fupi na imara ya nyuzi za mimea, akaifunga moja kwa moja kwenye pembe kabla ya kurusha. Njia hii huitwa "hard and fast", kufunga kabisa. Aliyemnasa ng'ombe hivyo hana namna ya kumwachia. Ameungana naye mpaka mmoja ashindwe. Leo kamba nyingi ni za nailoni, lakini mabishano kati ya wanaozungusha na wanaofunga hayajaisha.

Farasi, rangi na mavazi

Farasi waliotoroka kwa Wahispania walizaliana porini. Mnyama aliyepotea asiye na mwenyewe aliitwa "mesteño" au "mestengo", na hapo ndipo lilipotoka "mustang". Farasi ambaye hajafunzwa aliitwa "bronco", yaani mkali. Kundi la farasi wa akiba linalofuatana na wachungaji ni "remuda", kutokana na kubadilisha, maana farasi mmoja hawezi kufanya kazi siku nzima, kila siku. Mtunza kundi hilo, mara nyingi kijana mdogo kuliko wote, huitwa "wrangler".

Rangi za farasi nazo zina majina ya Kihispania. "Pinto" ni aliyepakwa rangi, mwenye mabaka. "Grullo" ni mwenye rangi ya kijivu cha moshi, kutokana na "grulla", ndege korongo.

Mavazi yanayoonekana kama mapambo ni zana. Mbele ya suruali kauboi hufunga vipande viwili vya ngozi viitwavyo "chaps", ambavyo wenyewe hutamka "shaps". Ni kifupi cha "chaparreras", vazi la kupita katika "chaparral", yaani vichaka. Kofia pana humkinga jua na mvua; John B. Stetson alianza kuitengeneza Philadelphia mwaka 1865. Kisigino kirefu cha buti huzuia mguu usipenye kwenye kikuku, mahali pa kukanyagia, maana anayeanguka mguu ukiwa umenasa hukokotwa na farasi. Kitambaa cha shingoni hufunika pua wakati wa vumbi.

*Kwa ufupi: kila kipande cha vazi la kauboi hujibu hatari fulani: miiba, jua, kikuku au vumbi.*

Kusoma chapa

Katika mbuga zisizo na uzio, ng'ombe wa watu kumi walikula majani pamoja. Kilichowatofautisha ni chapa, alama inayounguzwa ngozini kwa chuma cha moto na kuandikishwa serikalini. Chapa husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kutoka juu kwenda chini. Alama chache zikichanganywa na herufi huzaa maelfu ya chapa:

- Mstari mfupi wa kulala huitwa "bar".
- Herufi iliyolazwa ubavuni huitwa "lazy", mvivu.
- Herufi iliyopinduliwa kichwa chini huitwa "crazy", kichaa.
- Herufi yenye mabawa huitwa "flying", irukayo.
- Herufi iliyokaa juu ya upinde huitwa "rocking", ibembeayo.
- Herufi yenye paa juu yake huitwa "rafter", boriti.

Kwa hiyo A iliyolala, ikifuatwa na mstari, husomwa "Lazy A Bar". King Ranch hutumia W iliyopindapinda kama nyoka, nayo huitwa "Running W", W ikimbiayo. Mwizi wa ng'ombe, aliyeitwa "rustler", alitembea na chuma chembamba cha kuchorea, akaongeza mstari hapa na upinde pale mpaka chapa ya jirani ikafanana na yake. Mwenye ranchi mwerevu alichagua chapa ngumu kugeuzwa.

Na ng'ombe asiye na chapa? Katika miaka ya 1840, mwanasheria wa Texas aitwaye Samuel Maverick alipokea ng'ombe kama 400 kulipia deni. Hakuwa na moyo wa ufugaji, na wengi wa ndama wao hawakupigwa chapa. Majirani wakimwona mnyama asiye na alama walisema huyo ni wa Maverick. Baada ya muda "maverick" likawa jina la ng'ombe yeyote asiye na chapa, kisha la mtu yeyote asiyefuata kundi. Ndama aliyefiwa na mama yake ana jina lake pia, "dogie".

Safari ya kwenda relini

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipomalizika mwaka 1865, Texas ilikuwa na mamilioni ya ng'ombe wasio na soko. Ng'ombe wa dola nne huko aliweza kuuzwa dola 40 katika miji ya kaskazini. Kilichokosekana ni usafiri. Mwaka 1867 mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi kando ya reli huko Abilene, Kansas, na misafara ikaanza kupanda kaskazini kwa njia iitwayo Chisholm.

Msafara wa kawaida ulikuwa na ng'ombe 2,000 hadi 3,000 na watu kama 12, ukienda kilomita 16 hadi 24 kwa siku. Kwenda haraka zaidi kungewakondesha ng'ombe kabla ya sokoni. Kila mtu alikuwa na nafasi yenye jina:

1. "Trail boss", mkuu wa msafara, alitangulia kutafuta maji na malisho.
2. "Point", waelekezaji wawili, walishika kichwa cha kundi.
3. "Swing" na "flank" walilinda mbavu, wasitoke wanaotaka kutoka.
4. "Drag" walifunga mkia, wakiwasukuma viwete na wavivu. Walikula vumbi la kundi zima, na nafasi hiyo walipewa wageni wa kazi.

Mgeni huyo aliitwa "tenderfoot", mwenye nyayo laini, au "greenhorn", pembe mbichi. Kati ya wachungaji hao, inakadiriwa mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, na wengi wao walizaliwa utumwani. Mmoja wao, Bose Ikard, alikuwa mtu wa kuaminiwa sana wa mfugaji Charles Goodnight.

Goodnight huyo ndiye aliyebuni jiko la magurudumu mwaka 1866. Alichukua gari imara la jeshi la kukokotwa na wanyama, akalifungia nyuma kabati lenye droo za unga, maharage, kahawa na dawa. Mlango wa kabati ukishushwa huwa meza. Chakula kiliitwa "chuck", na gari likawa "chuck wagon". Mpishi alikuwa pia tabibu na fundi nguo, na hakuna aliyethubutu kumkasirisha.

Kilichoogopwa zaidi ni "stampede", kutoka "estampida": kundi zima kushtuka na kutimua mbio, mara nyingi usiku, kwa ngurumo au hata kijiti kuvunjika. Walinzi wa zamu waliwaimbia ng'ombe kwa sauti ya chini ili wasishtushwe na ukimya unaokatika. Kundi likitimka, wapanda farasi walikimbilia mbele na kuwapinda walioongoza mpaka kundi lijizungushe lenyewe na kuchoka.

Enzi ya misafara ilidumu miaka 20 hivi. Mwaka 1874 Joseph Glidden alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa waya wa miiba, na mbuga zikaanza kugawanywa. Reli zikafika Texas kwenyewe. Kisha baridi kali ya mwaka 1886 hadi 1887 ikaua mamia ya maelfu ya ng'ombe kaskazini. Kukusanya ng'ombe huitwa "roundup". Wachungaji, waliokusanya mizoga tu majira yale ya kuchipua, waliiita kazi hiyo "die-up", kutokana na "die", kufa.

*Kwa ufupi: njia za misafara ziliwapa makauboi majina ya vyeo, na waya ukazifunga.*

Rodeo: kazi inapogeuka mchezo

"Rodeo" linatokana na "rodear", kuzunguka. Katika California ya Kimeksiko haikuwa burudani. Ilikuwa siku ya kuzunguka ng'ombe wa eneo zima, kuwaleta mahali pamoja, na kila mwenye mali kutenga wake. Vijana wa ranchi mbalimbali wakikutana, ubishi hauchelewi: nani hodari wa kamba, na nani atakaa juu ya farasi yule aliyewaangusha wote? Ubishi ukawa shindano, shindano likapata zawadi, kisha tiketi. Shindano la Pecos huko Texas lilifanyika mwaka 1883, Prescott huko Arizona mwaka 1888, Cheyenne huko Wyoming mwaka 1897, na Calgary, Kanada, mwaka 1912.

Michezo ya rodeo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya saa: mshindi ni mwenye muda mfupi zaidi. Katika kufunga ndama, kauboi hurusha kitanzi, huruka chini farasi akiendelea kuikaza kamba, humwangusha ndama na kumfunga miguu mitatu. Ndama lazima abaki amefungwa kwa sekunde sita. Nyuma ya mchezo huu kuna kazi ya kumtibu au kumpiga chapa ndama porini, mtu akiwa peke yake. Katika mchezo wa wawili, "header" hunasa kichwa cha maksai, ng'ombe dume aliyehasiwa, na "heeler" hunasa miguu ya nyuma. Akinasa mguu mmoja tu, sekunde tano huongezwa.

Mchezo wa kumwangusha maksai kwa mikono una mwanzilishi anayejulikana: Bill Pickett, kauboi mweusi wa Texas, aliyezaliwa mwaka 1870. Aliwaona mbwa wa kuchungia wakiwadhibiti ng'ombe kwa kuwauma mdomo, naye akajaribu: aliruka kutoka kwa farasi, akashika pembe, akamsokota maksai shingo na kumng'ata mdomo wa juu mpaka akalala. Ndiyo maana mchezo uliitwa "bulldogging", kutokana na "dog", mbwa. Kung'ata kumeachwa, kuruka na kusokota kumebaki. Msaidizi anayepanda upande wa pili kumzuia maksai asipinde huitwa "hazer".

Aina ya pili ni ya kukaa juu ya mnyama anayeruka, kwa sekunde nane. Kwa farasi, asili yake ni kazi ya kumfunza bronco. Kwa fahali, hakuna asili ya kazi: hakuna ranchi iliyowahi kuhitaji mtu ampande fahali, na ndio mchezo unaovuta watu kuliko yote.

Mpandaji wa fahali huanzia katika "chute", kizimba chembamba. Hukaa juu ya mnyama wa kilo 700 au zaidi, huku kamba moja ikiwa imemzunguka fahali kifuani. Hupaka glavu utomvu mkavu wa msonobari ili ishike, huikaza kamba kiganjani, hugonga ngumi kukunja vidole, kisha hutikisa kichwa. Lango linafunguka. Mkono mmoja umeshika. Mkono wa pili ukimgusa fahali au kugusa mwili wake mwenyewe, hapati kitu. Akimaliza sekunde nane, waamuzi hutoa alama hadi 100: nusu kwa mpandaji, nusu kwa mnyama, maana fahali mpole hampi mtu nafasi ya kuonyesha ufundi. Kengele iliyoning'inia chini ya kamba ina kazi pia: uzito wake huivuta kamba ianguke mpandaji akiachia. Mkono usipotoka, amekuwa "hung up", ananing'inia, na wakati huo walinzi wa uwanjani, ambao zamani walivaa kama wachekeshaji, huingia kati ya mtu na pembe. Mwaka 1989 bingwa Lane Frost alimaliza sekunde zake nane huko Cheyenne, kisha fahali akamgonga mgongoni akiwa chini, akafa. Baada ya kifo chake fulana ya kinga ilikuja kuwa vazi la kawaida.

Wanyama nao wana watetezi. Mkanda unaofungwa mbele ya miguu ya nyuma ili mnyama arushe mateke, na ndama anayesimamishwa ghafla kwa kamba, ni malalamiko ya muda mrefu. Uingereza ilipiga marufuku michezo kama hii kwa sheria mwaka 1934.

Washindani walikuwa na madai yao pia. Mwaka 1936 waligoma huko Boston wakidai zawadi za haki, wakaunda chama na kukiita cha Kobe, kwa sababu walichelewa kujipanga lakini hatimaye walitoa shingo nje.

Maneno yaliyohama zizini

Maneno ya kauboi hayakubaki ranchini. Umati unaokanyagana mlangoni huitwa "stampede" katika magazeti. Jambo la uhakika huitwa "cinch", kutokana na "cincha", mshipi unaokaza tandiko tumboni mwa farasi. Mwanasiasa anayekaidi chama chake huitwa "maverick", naye hubeba jina la familia ya mwanasheria asiyependa ng'ombe. Na tangu mwaka 1964 kampuni ya Ford imeuza gari linaloitwa Mustang, ambalo wanunuzi hulilipia fedha nyingi na kulifunga kwa kengele za wezi, wakati maana ya kwanza ya jina lake ni mnyama aliyepotea asiye na mwenyewe.